Aivi ukutani kwa mtoto wa mwashi

Marehemu baba alikuwa mwashi wa mawe na chokaa, Mji Mkongwe, Unguja. Sikumbuki kumwona akijenga nyumba mpya hata moja. Kazi yake ilikuwa kuzitibu kongwe, Kiponda, Malindi, Mkunazini, zile za kuta za mawe ya matumbawe na dari za boriti za mikoko. Likizo za skuli alinichukua nikamsaidie, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi, kazi yangu ilikuwa kupanda juu kutafuta miche. Ndege na popo wanakula tini za mwituni, wanakuja kunya juu ya kuta, na mbegu ikipata ufa wenye unyevunyevu inaota. Mche wenyewe unaukuta na majani matatu, unapendeza, unaona hata huruma kuung'oa. Uache miaka kumi, utakuta mzizi mnene kama paja umelitenga jiwe na jiwe mwenziwe.

"Mng'oe angali mtoto," baba akinambia, "na mzizi wake wote. Ukikata juu tu umempogolea, atakushukuru."

Kisha tundu linajazwa chokaa, tunahamia jengine. Watu wakimletea ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, alikuwa akicheka: "Waacheni wasizibe, na sie tule."

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, umpe funguo za nyumba ambayo ukuta wake hauonekani kwa majani.

Ilikuwa 2014, hapa Northampton. Mji huu zamani ulijulikana kwa viatu, na mitaa mingi ni safu za nyumba za matofali mekundu zilizojengewa watu wa viwanda vile, bega kwa bega. Ya kwetu ni ya mwisho katika safu yake, kwa hivyo ubavu mmoja hauna jirani, ni ukuta mtupu kutoka chini hadi pembe ya paa. Mtupu ingekuwa afadhali. Ulikuwa umevaa koti la kijani lenye unene wa mkono hadi kiwiko, linazunguka kona na kuingia uani. Dalali alituonesha kwa fahari, kama mtu anayeonesha zulia la Ajemi. Mke wangu, mtu wa Wete, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Khadija, nyumba yenyewe iko wapi?"

Mmea huo ni aivi, ambao wataalamu wanauita *Hedera helix*, na nchi hizi za Ulaya ndiko kwao. Miezi ya baridi ile tuliyohamia sikuwa na nafasi ya kuushughulikia. Nilikuwa nafanya zamu za usiku ghalani, nikirudi asubuhi naupita kwa jicho la pembeni. Aprili ilipofika nikapata siku nne za mapumziko. Nikaegesha ngazi, nikakunja mikono ya shati, nikaanza kung'oa kama nilivyofunzwa, kwa mikono mitupu.

Makosa niliyafanya matatu siku ile, na yote nimeyajua baadaye.

La kwanza ni kuuvuta ukiwa hai. Aivi haishiki ukuta kwa mizizi ya kunywa maji kama mche wa mtini. Shina lake lina vinyweleo vifupi, mamia kwa mamia, vinatoa ulimbo na kunata kwenye tofali. Ukilivuta shina bichi linakuja pamoja na chochote kilicholegea, na chenye kulegea kilikuwepo. Ilipasa nikate mashina chini kabisa, karibu na ardhi, kisha niwe na subira wiki kadhaa hadi majani yakauke na kubadilika rangi. Hapo mashina yanachomoka bila ugomvi mkubwa. Vinyweleo vyenyewe vinabaki ukutani kama alama za viwavi, hivyo huviondoi bila brashi ngumu na saa zako nyingi. Mpaka leo ninavyo.

La pili ni kutovaa glavu. Siku ya kwanza sikuona kitu, na ya pili vilevile. Ya tatu nimeamka mikono, kutoka viganjani hadi kwenye viwiko, imejaa vipele na inawasha hasa kama niliyepigana na upupu. Nilijua upupu haumei Uingereza, lakini mwili ulikuwa unabisha. Mfamasia akaniuliza kama nilikuwa nikifanya kazi ya bustani, nikamwambia nilikuwa nabomoa. Utomvu wa aivi una kitu kinachoitwa falkarinoli, na baadhi yetu ngozi zetu haziwezi nacho. Hauumi papo hapo, unangoja siku moja au mbili, ndiyo maana mtu haunganishi kisa na sababu. Tangu hapo navaa glavu za ngozi na mikono mirefu, hata nikienda kukata kijiti kimoja.

La tatu alinambia Bi Jirani. Huyu ni mzee wa Kizungu wa nyumba tuliyoshikana nayo, mjane, aliyeanza kazi ya kiwanda cha viatu akiwa binti. Mimi namwita Bi Jirani humu kwa kuwa hapendi mambo yake yaandikwe. Alichungulia juu ya uzio, akanitazama nilivyokuwa juu ya ngazi na jasho langu, hakunisalimu wala nini. Akanyoosha kidole kwenye kona ya uani. "Mle ndani kuna kiota," akasema.

Nikafunua majani taratibu. Kweli, palikuwa na kitu cha duara kama mpira, kimefumwa kwa kuvumwani na majani makavu, na kitobo ubavuni. Mwenyewe alikuwa kandege ka kahawia, kadogo kuliko shorewanda wetu, mkia umesimama wima, na sauti utafikiri ni ya mnyama mkubwa. Bi Jirani akanieleza kwamba sheria ya nchi hii, ya mwaka 1981, inakataza kuharibu kiota cha ndege kikiwa kinatumika au kinajengwa. Watu kwa kawaida huacha kukata kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti. Nikashuka. Ukuta ukabaki nusu umevaa na nusu uchi, na kila aliyepita njia akawa na lake la kusema.

Lakini ile nusu iliyo uchi ilinipa kitu cha kutazama, na hapa ndipo fundi ndani yangu alipoamka.

Nilikuwa nimetarajia kukuta magofu. Baada ya koti lile kukaa miaka sijui mingapi, nilitegemea tofali zinazomong'onyoka na udongo badala ya chokaa. Sehemu kubwa haikuwa hivyo. Tofali zilikuwa kavu, kingo zake kali kama zimetoka tanuri jana, na viungo baina yake vilikuwa vya chokaa ya asili, nyeupe inayoelekea umanjano, ngumu. Nikaipiga kucha haikukubali. Ukuta wa mbele, ambao haujawahi kuota jani, ulikuwa na hali mbaya zaidi kwa mvua na barafu.

Ubaya ulikuwepo mahali pamoja, mkanda wa kama mita mbili usawa wa dirisha la ngazi. Hapo kuna fundi wa zamani aliyeona viungo vimelika akavijaza simenti. Mtu yeyote aliyeshika mwiko Mji Mkongwe angempigia kelele. Chokaa inapumua, maji yaliyoingia ukutani yanatokea kwenye kiungo. Simenti haipumui wala haitikisiki pamoja na ukuta. Maji yanafungiwa, yanatafuta njia kwenye tofali lenyewe, barafu ikija uso wa tofali unabanduka, na simenti nayo inaachia inakaa kama ganda. Nyuma ya ganda lile ndimo aivi ilimojipenyeza. Pale, na pale tu, vile vinyweleo vya kunata vilikuwa vimegeuka mizizi ya kweli, minene kama penseli, imelala kwenye unyevu na uchafu inakula raha. Nilivyovuta, karibu mkanda wote wa simenti ulinifuata nusura uniangushe.

Nilikaa kwenye kidaraja cha ngazi nikaangalia. Baba angenambia kwamba mmea umeutafuna ukuta. Nilichokiona mimi ni kwamba ulikuta tundu limeshafanywa na binadamu. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, kwa niaba ya English Heritage, taasisi inayotunza majengo ya kale Uingereza, walizipima kuta za zamani zenye aivi na zisizo nayo. Wakakuta majani yanaupunguzia ukuta joto la mchana na baridi ya usiku, na yanazuia unyevu kupanda na kushuka ovyo. Madhara wakayaona pale mmea unapotia mizizi ndani ya nyufa. Sikuhitaji kuambiwa na Oxford, nilikuwa na ushahidi mkononi, lakini nilifurahi kuwa tumekubaliana.

Tena nikajilaumu kwamba hili lilipaswa kunijia mapema. Mjomba wangu alikuwa na kijishamba Kizimbani, na pilipili manga zake alizipandisha kwenye mifenesi. Mpilipili nao unapanda kwa vimizizi vinavyotoka kwenye vifundo vya shina, unaushika mti kwa nguvu hizohizo. Hakuna mtu Unguja atakayekwambia mpilipili unanyonya mfenesi. Kila mmoja anakula kwa mizizi yake ya ardhini. Aivi ni hivyohivyo. Inaweza kuuelemea mti dhaifu kwa uzito na kukamata upepo mwingi wakati wa dhoruba, lakini damu yake hainywi.

Kwa hiyo sikuung'oa wote. Niliuacha wa kona na wa nusu ya juu, mke wangu akasema nimekuwa Mwingereza.

Mwaka ule ndio niliouona ukichanua. Mimi nilidhani ukutani pana mimea miwili. Chini majani yana pembe tatu hadi tano, kama kiganja kilichokunjuliwa, mishipa yake myeupe. Juu kabisa, karibu na paa, majani hayana pembe hata moja, ni laini yenye ncha, ukiyaona kwa mbali utasema tambuu. Mashina ya kule juu nayo hayapandi, yanajitenga na ukuta na kusimama kama kichaka. Kumbe ni mmea uleule. Aivi ina ujana wake na uzee wake. Ikiwa kijana inatambaa na kupanda, haina ua. Ikifika kwenye mwanga wa kutosha na umri, inabadilika jani, inaacha kupanda, inaanza kuzaa. Jambo la ajabu ni kwamba ukichukua kipandikizi kule juu ukakiotesha, hakirudi utotoni, kinakuwa kijiti kilichosimama peke yake. Bi Jirani anacho kimoja kwenye mtungi karibu na mlango. Nilikuwa nikikipita miaka yote nikidhani ni mti mwengine kabisa.

Maua yenyewe huwezi kuyaita mazuri. Ni vipira vya kijani-manjano, harufu yake nzito. Yanatoka Septemba na kuendelea hadi Novemba, wakati bustani nyengine zote zimeshafunga duka. Nilitoka nje saa nne asubuhi nikasikia ukuta unanguruma, nikadhani ni mashine ya jirani. Walikuwa nyuki, nzi, nyigu, vipepeo wawili watatu wekundu, wote wamejazana kama watu sokoni Darajani mkesha wa Idi. Kuna nyuki mmoja mwenye mistari ya rangi ya machungwa tumboni ambaye ameyapangia maisha yake maua haya. Wataalamu walimpa jina lake rasmi 1993, na hapa Uingereza alionekana mara ya kwanza 2001, kule Dorset, kisha akawa anasogea kaskazini. Haishi mzingani, kila jike anachimba tundu lake ardhini. Wangu wamechimba kwenye kijisehemu kisicho na nyasi karibu na banda la baiskeli, nimekizungushia mawe mtu asikikanyage. Wafugaji wa nyuki wa kawaida wao hawaifurahii sana asali ya aivi, maana inaganda ndani ya masega ikawa kama jiwe.

Maua yakipita, tunda linaiva taratibu wakati wa baridi, jeusi, na njiwa-mwitu wanayamaliza yote. Halafu wanakuja kuketi juu ya mlizamu wangu na kufanya walichokuwa wakifanya ndege wa Kiponda.

Nisije nikaonekana nimeoa kwa aivi. Ina ujeuri wake. Matawi machanga yanapenda giza. Badala ya kukimbilia mwanga kama mimea mingine, yanauelekea upande wa kivuli, ndivyo yanavyoupata ukuta. Na yakikuta kitobo hayajui kwamba hapo ni nyumbani kwa watu. Mwaka 2018 nilipanda darini kutafuta masanduku ya nguo, tochi ikamulika kitu cheupe kinaning'inia, chembamba, kirefu kama uzi wa mshipi. Lilikuwa tawi la aivi. Liliingia chini ya vigae, likatembea mita mbili gizani bila jani hata moja la maana. Wiki hiyohiyo nikaona na maji yanavuja, kwa kuwa tawi jengine lilikuwa limelala ndani ya mlizamu, na majani makavu yamejenga bwawa nyuma yake.

Tangu hapo nina mpaka. Nakata mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ndege hawajaanza kujenga, na tena mwanzo wa Septemba. Chini ya mlizamu naacha nusu mita ya ukuta mtupu, na kuzunguka madirisha na matundu ya hewa urefu wa mkono. Nikichelewa mwaka mmoja tu unakuwa umeshafika. Takataka zake sizitupi kando ya msitu wala ukingo wa mto, naziweka kwenye pipa la manispaa, kwa sababu kipande cha shina kinaota. Huko Marekani, kwenye jimbo la Oregon, aivi imefunika misitu kiasi kwamba walipiga marufuku kuiuza mwaka 2010. Huko si kwao, na haina wa kuizuia.

Ya ndani ya nyumba ni kisa chengine, na mwenye kisa ni mke wangu.

Yeye baada ya kuona nimefanya suluhu na ya nje, alinunua supamaketi aivi ya chungu, majani madogo yenye kingo nyeupe. Akaiweka dirishani jikoni, mahali pa heshima, juu kidogo ya hita. Mwezi haukwisha majani yakaingia kijivu, kama yamemwagiwa vumbi la simenti, yakaanza kupukutika. Akaongeza maji. Ikafa. Akanunua ya pili, akaiweka palepale, akaipa maji zaidi na kuisomea. Ya pili nayo ikafa. Nilimwambia pengine ni jicho, hakucheka.

Ya tatu nilipoigeuza jani niliona utando mwembamba chini yake, na vitu vidogo kuliko chembe ya chumvi vinatembea. Utitiri. Hao wanapenda joto na ukavu, na juu ya hita wakati wa baridi hakuna mahali pakavu na penye joto zaidi. Nje, mvua inawaosha. Ndani, hakuna mvua, ila ukiwanyeshea mwenyewe. Kwa hivyo tukafanya hivyo. Tuliufunga udongo kwa mfuko wa plastiki usimwagike, tukailaza bafuni, tukaipiga bomba la kuogea, majani chini na juu, maji ya baridi kiasi. Kila baada ya siku nne tano, mara nne. Kisha ikahamishwa kwenye ngazi, karibu na dirisha la kaskazini, mahali pa baridi ambapo hakuna mtu anayependa kukaa. Ikafufuka. Hadi sasa ipo, imeshuka ngazi nne.

Kosa letu lilikuwa kudhani kila mmea wa ndani unataka starehe tunazotaka sisi. Aivi inataka mwanga mzuri usio jua kali, ubaridi, na hewa isiyo kavu. Maji: tia kidole kwenye udongo, ukikuta juu pamekauka hadi kwenye kucha, mwagilia, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ikisimama ndani ya maji mizizi inaoza, na mmea unaooza mizizi unanyauka kama wenye kiu, ndiyo maana mtu anazidi kuumwagilia. Mbolea ya maji kidogo wakati wa kiangazi, wakati wa baridi usiipe kitu. Ile yenye weupe kwenye majani ukiiweka gizani inapoteza weupe wake, na ikitoa tawi la kijani kitupu likate mapema, kwa sababu lina nguvu kuliko ndugu zake na litatawala chungu.

Kuizidisha ni kazi ya mtoto mdogo. Kata tawi changa, urefu wa kidole kirefu na nusu hivi, chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini. Tia kwenye gilasi ya maji dirishani. Badilisha maji yakianza kuwa na utelezi. Wiki tatu unaona mizizi myeupe, ikifika urefu wa ukucha wa gumba panda. Sisi gilasi hazitutoshi kunywea sasa. Ila mwenye mtoto mdogo au paka aitundike juu: majani na tunda zote ni sumu kwa mlaji. Mjukuu wetu alipoanza kutambaa, vyungu vyote vilipandishwa daraja.

Dada yangu wa Unguja aliziona picha akataka nimletee kichipukizi. Nilimkatalia kwa sababu mbili. Mimea haisafirishwi mkobani bila cheti cha ukaguzi wa afya yake, hiyo moja. Na hata ingefika, joto la Unguja lingeiua. Utitiri wa kwetu ungeila kama urojo. Lushoto au Limuru, penye baridi usiku, ingekubali. Nilimwambia apande mani planti, ambayo inapanda vilevile na haimwombi mtu baridi. Ameipandisha kwenye mnazi wa uani, majani yamekuwa makubwa kama sinia, sasa yeye ndiye anayenitumia picha.

Desemba 25, 2020, simu yangu ilijaa video. Upande wa Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe, ulikuwa umeporomoka, wingu la vumbi limefunika Forodhani, na watu wawili walipoteza maisha. Baba alikuwa ameshafariki miaka sita. Nilizitazama zile video mara nyingi kuliko inavyofaa. Ukuta ukianguka unaona ndani yake, mawe na boriti, kama mtu aliyevuliwa nguo. Usiku nilitoka nje kwa makoti mawili na tochi, nikaenda kwenye ule mkanda wa mita mbili niliouacha bila kuutengeneza vizuri tangu 2015. Nilikuwa nimeuziba kwa muda tu, nikijisemea nitaurudia. Miaka mitano. Mtoto wa mwashi.

Kumbe kuurudia si rahisi, na sababu ni kalenda. Chokaa haipendi barafu. Ukiijaza na usiku ukaganda kabla haijakauka, asubuhi inakuwa unga. Kwa hivyo kuanzia Oktoba usiiguse. Wakati wa joto, ndio wakati wake, lakini Machi hadi Agosti kona ile ina wenyewe, na kandege kale ka kahawia hakakosi. Ikifika Septemba, ndege wameondoka, aivi inafungua maua na nyuki wamejaa. Kinachobaki ni siku kama kumi, mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, kama mvua ikiruhusu. Agosti na Septemba ya 2021 iliruhusu. Nilinunua chokaa kwenye mfuko, kitu ambacho baba asingeniamini, sie tuliotoka kwenye matanuri ya kuchoma mawe. Nikachanganya sehemu moja kwa tatu za mchanga, nikakwangua simenti yote iliyobaki kwa patasi nyembamba, nikang'oa mizizi iliyokuwa imekufa humo tangu nilipoikata, nikailowesha tofali kwa maji kama alivyokuwa akiniagiza, nikaanza kujaza. Vidole vilikumbuka. Nilifunika kwa magunia mabichi siku tano.

Bi Jirani alitoka na kiti chake akakaa upande wake wa uzio, akanitazama mchana mzima bila kusema neno. Jioni akaniuliza, hiyo nyeupe itakaa muda gani. Nikamwambia baba yangu alizijaza nyingine zimemzidi umri yeye.

Mkanda ule bado mweupe kuliko ukuta wote. Mwezi uliopita nikikata, niliona tawi moja jembamba limevuka nusu mita yake ya kushoto na limeshakanyaga chokaa mpya. Nilipitisha kucha kwenye kiungo, hakikukubali. Nikalitazama tawi, nikarudisha mkasi mfukoni. Mke wangu alikuwa dirishani.

"Mng'oe angali mtoto," akanambia.

Nimemwambia nitalitazama tena Septemba.